Bwana Nabwana wa Wakaliga, Mtengenezaji wa Sinema

Wenzangu, tuzungumzapo habari za sinema za kutisha na za mashujaa wasioshindika, hutajwa Marekani tu. Napenda kuwaeleza habari za mtu wa karibu, Bwana Isaac Nabwana wa Uganda, aliyezaliwa mwaka 1973 na kukulia Wakaliga, mjini Kampala.

Utotoni hakwenda kwenye nyumba ya sinema. Ndugu yake ndiye aliyekwenda, na akirudi humsimulia, naye akazitazama picha hizo kichwani mwake. Alipokua alifyatua matofali ili apate fedha. Mwaka 2005 akaanzisha kampuni, Ramon Film Productions, jina lililotokana na bibi zake wawili, Rachael na Monica.

Bunduki zake ni vyuma chakavu vilivyochomelewa. Milipuko aliitia kwa kompyuta aliyoiunga mwenyewe. Damu ilikuwa ya ng'ombe, mpaka mchezaji mmoja akaugua, ndipo wakatumia rangi ya chakula. Wachezaji hawakuwa na mshahara. Picha ikiisha waliitembeza nyumba kwa nyumba na kupata fungu la mauzo, wakikimbizana na wezi wa nakala.

Picha yake iliyovuma zaidi ni Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010. Inasemekana gharama yake haikufika dola 200. Juu ya maneno ya wachezaji husikika VJ Emmie akisimulia na kutania, kama Lufufu alivyofanya hapa Tanzania. Ajabu ni kwamba mpaka mwisho hatuambiwi ni nani aliyemwua Kapteni Alex! Mwaka 2019 picha yake nyingine, Crazy World, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto.

Lakini picha halisi ya Kapteni Alex haipo tena. Bwana Nabwana aliifuta ili kompyuta ipate nafasi ya kazi nyingine; iliyobaki ni nakala ya DVD. Wapo watakaosema alikosa akili. Mimi siwezi kusema hivyo, maana mwaka jana ni mimi niliyefuta mchezo wa chama chetu cha maigizo, ili nipate nafasi ya nyimbo za mahafali. Tuliucheza hapa Makanya, njia ya kuelekea mlimani, upepo ukivuma hata mzimu wetu akawa mweupe kwa vumbi bila kupakwa chochote. Wenzangu hawakusema nami siku mbili.

Kwa bahati mzazi mmoja aliurekodi kwa simu tulipouonyesha siku ya wazazi. Kichwa cha mtu kimeziba nusu ya picha, na sauti ni hafifu. Nimeunakili mara tatu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne