Ralonje ya Taa za Noeli: Pima Kwanza, Kata Baadaye

Kijitabu kwa familia, makanisa na wenye maduka wa Fataki

Noeli ikikaribia, gilandi za rangi huanza kuning'inia kwenye milango ya maduka na makanisa. Kwa watu waliokimbia na kurudi mara nyingi tangu vita vilipozuka upya katika eneo letu la Djugu mnamo Desemba 2017, kanisa linalong'aa usiku si jambo dogo. Tunataka furaha hiyo isiishie kwenye moto. Kwa hiyo tunasema juu ya kitu kimoja tu: waya unaotoka kwenye grupu (jenereta) au betri hadi kwenye taa, yaani ralonje.

Kosa tunalolikuta kila mara ni hili. Grupu linawekwa nyuma ya nyumba kwa sababu ya moshi na kelele, na hapo linafaa. Lakini ralonje ya dukani ni mita tatu au tano, na mlango wa kanisa uko mbali. Basi vijana wanaokota vipande vya waya, wanavisokota kwa vidole na kuvizungushia skochi, pengine mfuko wa nailoni. Kila kiungo cha namna hiyo hupata joto. Umande ukiingia, kinatoa cheche, na nyasi za paa ziko juu yake.

Afadhali kutengeneza ralonje moja, ya urefu mnaouhitaji, isiyo na kiungo katikati.

Kupima

Chukua kamba, uipitishe njia ileile utakayopita waya: ukutani, juu ya mlango, kando ya boriti. Usipime kwa macho wala kwa kukatisha uwanja, kwa maana waya ukivuka njia ya watu utakanyagwa na kukwaza watoto. Ongeza mita moja kwa ajili ya ncha mbili, kisha nenda dukani na kamba yako.

Kununua

Omba waya laini wa shaba wa milimita mraba 1,5, wenye ganda la nje juu ya nyaya za ndani. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akate ncha, ukwangue uzi mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba; huchemka upesi na kukatika, hata kama maandishi ya nje ni mazuri. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kufunga fishi

Zima grupu kwanza. Vua ganda la kila waya wa ndani kiasi cha sentimita moja, sokota nyuzi zote za waya huo pamoja, uziweke chini ya parafujo yake na kukaza. Uzi mmoja mwembamba kama unywele ukibaki nje na kugusa upande wa pili, umeme unapiga shoti. Ganda la nje lazima liingie ndani ya fishi na kubanwa na kibanio chake, ili mtu akivuta waya asing'oe nyaya. Waya wa kijani na njano ni wa ardhi. Usiutumie kwa kazi nyingine.

Upande wa grupu ni fishi ya meno, upande wa taa ni prizi ya matundu. Hatusemi hili kwa wepesi: usitengeneze kamwe waya wenye meno pande zote mbili ili kuingiza umeme wa grupu ndani ya nyumba. Upande mmoja ukichomolewa, meno yake yanabaki na umeme, na yanaua anayeyashika.

Wenye sola

Hapa wengi wanashangaa. Grupu dogo la wati 650 hutoa ampea 3 hivi kwa volti 220. Waya wa 1,5 wenye urefu wa mita 30 hupoteza volti 2 njiani, na taa hazionyeshi tofauti. Waya huohuo, kwa ampea zilezile 3, ukitoka kwenye betri ya volti 12 hupoteza volti zilezile 2. Lakini sasa ni karibu sehemu moja ya sita ya nguvu yote. Taa zinafifia, na watu wanalaumu betri. Sogeza betri karibu na taa, au nunua waya mnene zaidi. Weka fyuzi karibu na betri, kwa maana hata betri ndogo ikipigwa shoti inaweza kuyeyusha waya na kuwasha nyumba.

Usiku wenyewe

Kunjua waya wote. Ukiachwa umeviringishwa, joto lake halina pa kutokea. Prizi ining'inie chini ya paa, isilale kwenye majani yenye maji. Taa zikiwaka saa moja, pitisha kiganja juu ya ganda la waya na juu ya fishi. Ukisikia joto, zima grupu au chomoa waya kwenye betri, na taa zilale hadi fundi aone.