Bleu akilazimishwa kusoma

Swali: Mwanangu ameanza mwaka wa kwanza Polytechnique, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Wakubwa wao, wale poils, huwakusanya mableu, yaani wanafunzi wapya, kila jioni, saa mbili hadi saa tano, wasome. Asiyefika hulipa faini. Hiyo si bleusaille, yale mateso ya kuwapokea wageni? – Mama, Kambove

Jibu: Mama, kusoma kwa saa tatu hakujamdhuru mtu, na kwenye hesabu za mwaka wa kwanza kunaokoa wengi. Kinachonitia shaka ni hiyo faini. Inaingia mfuko wa nani? Kama hakuna risiti, basi ni pesa aliyonyang'anywa mtoto mgeni, hata kama daftari liko wazi mezani.

Muulize pia: hao poils nao wanasoma? Kikao ambacho wote wameinamia vitabu ni utaratibu wa nyumba. Lakini ikiwa bleu anachora michoro ya TP (kazi za vitendo) ya mkubwa wake, kisha anatumwa maji ya kuoga, huo ni utumishi uliovishwa joho la elimu.

Watakuambia alikubali mwenyewe. Ufaransa ilipotunga sheria dhidi ya bizutage, yaani bleusaille ya kwao, mwaka 1998, ridhaa ya anayeteswa haikuhesabiwa kuwa utetezi, na naona walipima vizuri: mgeni anayelala chumba kimoja na wakubwa wake atakataaje?

Kwa hiyo ndiyo, kama faini hiyo haina risiti, ni bleusaille. Mwanao aandike tarehe na kiasi cha kila malipo, aende kwa apariteri wa fakilte pamoja na wenzake, asiende peke yake. Kusoma jioni aendelee.