KUTOKA MAJI BARIDI HADI MAJI CHUMVI

Somo hili linaanza na kosa langu mwenyewe. Hapa kwetu Gatwekera nilikuwa na tangi la kioo la lita 40, na ndani yake samaki watatu wa maji baridi. Siku moja nikatamani kufuga samaki wa rangi rangi kama wale wa Bahari ya Hindi. Nikanunua chumvi ya kupikia dukani, nikaimimina yote. Kufikia jioni, wote watatu walikuwa wanaelea chali. Mdogo wangu alilia sana.

Kwa nini walikufa? Wanachama wenzangu, "maji baridi" hapa si maji yenye ubaridi; ni maji yasiyo na chumvi. Mwili wa samaki wa maji hayo una chumvi kuliko maji yanayomzunguka. Ukizidisha chumvi ghafla, maji humtoka mwilini kupitia matamvua. Mwalimu wa Biolojia huita jambo hili osmosisi. Samaki hukaukiwa ilhali yumo majini!

Basi wewe unayeanza, fuata hatua hizi:

1. Hamisha kwanza samaki wa zamani na mimea yao. Wengi hawawezi kuzoea bahari.

2. Osha tangi bila sabuni. Toa vyuma vyote, vitashika kutu.

3. Maji ya mfereji hutiwa klorini. Yaache siku nzima katika ndoo iliyo wazi.

4. Tumia chumvi maalumu ya matangi ya bahari. Ile ya jikoni haina magnesiamu, kalisiamu na potasiamu ya kutosha. Pima gramu 35 kwa kila lita. Lita 40 zinataka gramu 1,400. Koroga, kisha haidromita ionyeshe karibu 1.025.

5. Ngoja wiki 4 hadi 6 kabla ya kununua samaki. Kinyesi chao hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitreti isiyo kali sana. Tia chembe chache za chakula cha samaki ili bakteria hao wazaliane.

6. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji yasiyo na chumvi. Chumvi haiendi na mvuke, hubaki ndani.

Gharama je? Kwetu maji hununuliwa kwa mtungi, na tangi hilo linameza mitungi miwili ya lita 20. Tena samaki wa matumbawe hutaka joto la nyuzi 25 hivi, na Nairobi mwezi wa Julai wee! Lazima hita na pampu, na stima ikipotea usiku, ni hatari. Mwulize muuzaji pia samaki wametoka wapi. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka wa 1968, haziruhusu kuvuliwa.

Mimi kwa sasa nimerudi kwenye maji baridi, huku nikiweka akiba. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini pima kina kwanza!

Zoezi: Tangi la lita 60 linahitaji gramu ngapi za chumvi?