SOMO: KUSOMA VITABU VYA NDOA VYA ZAMANI VYA USWISI



Katika parishi yetu wapo wazazi ambao watoto wao wameoana na watu wa Uswisi, na sasa wajukuu wanataka kujua ukoo wa upande wa pili. Wawili wameniletea nakala za kurasa za vitabu vya ndoa vya huko, kwa kuwa nilipata kujifunza Kijerumani. Mmoja wao alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuomba habari katika kijiji ambacho huyo babu pengine hakukikanyaga kamwe. Kwa hiyo nimeona heri niandike somo hili kwa faida ya wote.

Kwanza tujue vitabu hivi vilitoka wapi. Zamani watu wengi walioana kwa ahadi ya midomo tu, pengine bila shahidi, na baadaye mmoja akakana. Mji wa Zürich, wakati wa Zwingli, uliweka mahakama ya ndoa mwaka 1525, na mwaka uliofuata ikaagizwa kwamba vitabu viandikwe. Bern ilifuata baada ya kuyapokea Matengenezo mwaka 1528. Upande wa Kanisa la Roma, Mtaguso wa Trento uliamuru mwaka 1563 kwamba kila padre wa parishi awe na kitabu cha ndoa. Lakini msitazamie kupata kila kijiji tangu miaka hiyo. Vitabu vingi viliungua au kuoza, na vingine vilichelewa kuanzishwa.

Haya, tuangalie mfano. Nimeutunga mwenyewe, ila kwa namna ya vitabu vya jimbo la Bern:

1723, 9bris 5. Hans Müller, Ulrichs sel. Sohn, von Trub, und Anna Gerberin, von Langnau.

Tuanze na tarehe. Anayeona 9 husema ni mwezi wa tisa. Sivyo. Ni Novemba. Jina hilo latokana na neno la Kilatini la tisa, kwa kuwa Warumi wa kale walianza mwaka wao mwezi wa Machi. Vivyo hivyo 7ber ni Septemba, 8ber ni Oktoba, na 10ber au Xber ni Desemba. Sisi tusiwacheke. Mgeni akihesabu siku kuanzia Jumapili, atashangaa kwa nini siku ya pili yaitwa Jumatatu.

Tena kuna jambo la kalenda. Luzern na majimbo kadhaa ya Kikatoliki walipokea kalenda mpya mwezi wa Januari 1584. Zürich, Bern na wenzao Waprotestanti walikataa mpaka mwisho wa mwaka 1700: baada ya tarehe 31 Desemba ikafuata 12 Januari 1701. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka mia, majirani walipishana siku kumi.

Sasa majina. Neno Sohn ni mwana, na Ulrich ni baba yake Hans. Kifupisho "sel." maana yake aliyebarikiwa, nasi twasema marehemu, yaani aliyerehemiwa, lugha mbili zimemwendea mfu kwa adabu ileile. Kwa mtafutaji neno hili dogo lina thamani kubwa: Ulrich alikufa kabla ya Novemba 1723, basi kazike atafutwe katika miaka ya nyuma. Lakini lisipokuwapo, usiape kwamba baba alikuwa hai. Waandishi wengine walikuwa wavivu.

Gerberin ni Gerber. Ile "-in" ni alama ya mwanamke tu. Ukiiacha katika jina la ukoo utatafuta ndugu zake Anna mpaka uchoke, maana kaka zake wameandikwa Gerber. Na kama bibi arusi alikuwa mjane, angalia sana: pengine ameandikwa kwa jina la marehemu mumewe, wala si la baba yake.

Sasa nafika kwenye neno lililompoteza yule mzee: "von", yaani "wa". Hans Müller wa Trub. Je, alizaliwa Trub? Huenda. Aliishi Trub? Huenda. Neno lenyewe halisemi hivyo. Linataja kijiji cha asili, ambacho Waswisi hukiita Heimatort. Zamani mtoto alikirithi kwa baba yake, na baba kwa babu, hata kama watu watatu hao wote walizaliwa mahali pengine. Mpaka leo pasi ya Mswisi huonyesha kijiji cha asili, wala si mahali alipozaliwa. Sisi hatupati shida kuelewa. Kijana aliyezaliwa Dar es Salaam akiulizwa kwao ni wapi, atajibu Masasi au Tukuyu, ingawa labda hajawahi kulala huko usiku mmoja.

Ila kwa Waswisi jambo hili lilikuwa sheria, tena lilihusu fedha. Kijiji cha asili ndicho kilichopaswa kumlisha mtu wake akianguka katika umaskini, popote alipokuwa. Basi wazee wa kijiji walizitazama arusi za maskini kwa jicho kali, maana mume na mke maskini watazaa watoto wa kulishwa. Katika majimbo mengi wazee hao waliweza kumzuia asiye na mali asioe. Ni Katiba ya mwaka 1874, kifungu cha 54, iliyokataza ndoa kuzuiwa kwa sababu ya umaskini. Kwa hiyo ukikuta watoto wawili wamebatizwa kabla ya ndoa ya wazazi wao, au hukuti ndoa kabisa, usiwe mwepesi wa kumhukumu bibi yule. Pengine aliomba ruhusa miaka mingi akanyimwa.

Matangazo ya ndoa mnayajua, Jumapili tatu, kwao bwana arusi na kwao bibi arusi. Ndiyo sababu watu haohao huweza kuonekana katika vitabu viwili, tena kwa tarehe mbili: huku imeandikwa siku ya tangazo, kule siku ya baraka. Hiyo ni arusi moja. Na kinyume chake, Hans Müller na Anna wawili katika kijiji kimoja si ajabu, kwa maana majina yalikuwa machache. Dawa yake ni kitabu cha ubatizo: linganisheni wazazi wa ubatizo, kazi ya baba na jina la shamba, kabla ya kumwandika mtu kuwa babu yenu.

Mwandiko ni mgumu kweli. Herufi "e" yafanana na "n", na "u" huwekewa kijikunjo juu. Msikisie. Chukueni maneno mnayoyajua, kama Hans, Anna na majina ya miezi, mnakili herufi zake katika karatasi, nanyi mtakuwa na alfabeti ya mwandishi yuleyule.

Tangu tarehe 1 Januari 1876 ndoa huandikishwa na serkali, na vitabu vya zamani vingi vimo katika hifadhi za nyaraka za majimbo. Bern imeweka picha za vyake katika intaneti, hata vijana wetu waweza kuvifungua. Mkiandika barua, tajeni kijiji cha asili kwanza, kisha majina, kisha miaka. Kwa Zürich iandikwe kwa Kijerumani, kwa Geneva Kifaransa, na kwa Ticino Kiitaliano.