Toni ya Kihausa na viambishi vyake

SWALI: Najifunza Kihausa. Kwa nini neno likiongezewa kiambishi, hata toni ya sehemu isiyoguswa hubadilika?

JIBU: Kwa sababu viambishi vingi vya Kihausa huja na toni zao na kufuta zilizokuwepo. Chukua hányà, yaani njia: juu, kisha chini. Wingi wake ni hányóyí, juu tupu. Tágà, dirisha, nalo huwa tágógí.

Kwenye vitenzi mambo ni matamu zaidi. Dáfà ni kupika. Ukiamuru unasema dàfá, silabi zilezile, toni zimegeuzwa. Sàyá ni kununua. Sáyó, juu tupu, ni kununua na kuleta huku.

Si viambishi vyote vina ubabe huo. Kile cha kubainisha nomino hugusa silabi ya mwisho tu: rìgá, vazi, huwa rìgâr, sauti ikishuka mwishoni. Kwetu, katika Kiswahili, ni mkazo tu unaosogea, kama nyumba na nyumbani.

Tatizo ni kwamba magazeti na vitabu vya kawaida vya Kihausa haviandiki toni. Tafuta kamusi inayozionyesha, kama ile ya Bargery ya 1934, na kila nomino uikariri pamoja na wingi wake, kwa sauti.