Mdogo Wangu, Unachojitolea ni Jina Lako

Siku hizi swali linalonijia mara kwa mara ni hili: "Dada, shirika la nje linalobadilishana vijana limeniomba niwe mratibu wake wa kujitolea hapa kwetu Ufipa. Nikubali?" Anauliza kijana wa Katandala, anauliza mwalimu wa Matai, anauliza binti wa kwaya kule Namanyere. Na chini ya swali hilo lipo jingine ambalo hamliandiki, ila dada yenu analisoma: "Kuna hela? Nitapanda ndege?"

Msione haya. Maisha ni magumu, na mtu kujiuliza atapata nini si dhambi. Ila nikujibu mapema ili usije ukanuna baadaye: mshahara hakuna. Pengine utapewa nauli, hela ya vocha na posho ya semina. Ndege huenda ukaipanda siku moja, huenda usiipande kabisa. Anayeingia kwa ajili ya ndege huichukia kazi hii kabla msimu wa kwanza haujaisha, kisha huwachukia hata wageni wasio na kosa.

Lakini kukosa mshahara kusikudanganye ukadhani hutoi kitu. Unatoa jina lako. Mama wa Izia hatamfungulia mlango binti wa Kijerumani kwa sababu ya nembo ya shirika; hajui hata inavyosomwa. Atafungua kwa kuwa wewe, mtoto wa fulani, umemwambia hawa ni watu wema. Baba wa Laela hatamwachia mwanawe aende Marekani mwaka mzima kwa sababu ya kikaratasi chenye picha za rangi. Atamwachia kwa kuwa anakujua. Mambo yakiharibika, watu wa Berlin hawatasemwa sokoni wala msibani. Utasemwa wewe, na mama yako atasemwa nawe. Hilo litie moyoni kabla ya mengine yote.

Mipango yenyewe ipo ya kweli, tena baadhi ina historia ndefu. AFS ilianza na vijana wa Kimarekani waliojitolea kuendesha magari ya wagonjwa huko Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1947, baada ya vita vya pili, ikaanza kubadilishana wanafunzi. Wajerumani wana weltwärts, ulioanza mwaka 2008 na kuleta vijana wengi Tanzania. Tangu 2013 vijana wa huku nao huenda kujitolea kwao. Marekani ina YES, ulioanzishwa mwaka 2002, unaowachukua wanafunzi wa sekondari wakasome huko mwaka mmoja na kuishi na familia. Tanzania imekuwamo, Bara na Visiwani. Mpango huo hugharimiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kwa hiyo mtu akimwambia mzazi atoe laki mbili za fomu, huyo ni mwizi. Mwambie mzazi hivyo hivyo, usimung'unye maneno.

Wengine mnaniambia, "Dada, Sumbawanga ni mbali, nani atakuja?" Mbali na wapi, mdogo wangu? Hospitali ya Dk. Atiman hapa mjini ina jina la nani? Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akatibu watu mwambao wa Ziwa Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1956. Alioa huku, akazeeka huku. Nchi hii inajua kumfanya mgeni kuwa wake. Tatizo letu haliko kwenye ukarimu. Liko kwenye maandalizi.

Kwenye maandalizi ndipo wengi wenu mnapokosea, na nawaelewa. Mgeni anatangazwa atakuja Juni, mratibu anaanza kutafuta familia Mei mwishoni, anaishia kwa shangazi yake kwa sababu shangazi hakatai. Wazee wetu wa Ufipa walifukia majani kwenye ntumba mapema, yakaoza taratibu, ndipo msimu uliofuata wakapanda. Familia nayo huandaliwa hivyo. Nenda mara ya kwanza usiseme lolote la maana, kaa tu. Nenda tena uone choo, uone mlango wa chumba kama una komeo kwa ndani, uulize nani analala pale, nani hurudi usiku amelewa kimpumu. Ongea na mama peke yake, maana baba huweza kukubali kwa fahari na mzigo ukabaki jikoni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usimtwishe mama wa watu kisha ukamsifia ukarimu.

Wamarekani wameyaandika mambo haya kwenye kanuni zao kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari wanaokwenda kwao. Mratibu aishi ndani ya maili 120 kutoka kwa mwanafunzi, yaani kama kilomita 193. Awasiliane naye kila mwezi, na pia na familia inayompokea. Kila mtu mzima wa nyumba hiyo achunguzwe kama ana rekodi ya jinai. Na mratibu asiwe mwenyeji wa mtoto yuleyule anayemsimamia. Hilo la mwisho likamate hata kama shirika lako halidai: mtoto akiteswa nyumbani kwako, atamshitakia nani?

Mgeni naye umwandae. Mwandikie mapema kwamba mji wetu uko juu, yapata mita 1,800, na baridi ya Juni na Julai haina mchezo. Vijana wa Ulaya huja na kaptula wakidhani Afrika yote ni jua; usimcheke, mpeleke mitumba akatafute sweta. Mweleze kwamba akishuka bondeni Ziwa Rukwa, kule Muze au Mtowisa, anakutana na joto jingine na mbu wengine, na chandarua si hiari. Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, asijitupe majini kabla hajawauliza wavuvi. Kwenye maporomoko ya Kalambo maji yanaanguka zaidi ya mita 200, basi habari ya kusogea ukingoni kwa ajili ya picha ikome. Na masika barabara za vijijini zikiteleza, safari ya bodaboda usiku usiiruhusu, hata akikuona mshamba.

Kuna hili jingine linalowatia unyonge. Mgeni akipita Dar es Salaam atakuwa ameshachekeshwa kuhusu Sumbawanga: uchawi, radi, mtu kulala ndani akaamka nje. Atakuuliza. Usikasirike, na wala usimwongezee chumvi ili umwone anavyotetemeka. Mwambie hayo ni maneno ya watani, kisha mpeleke aone watu walivyo: mama anavyochagua maharage, wazee wanavyoamkiwa kwa kuinama na kupiga makofi kidogo, mafundi, walimu, wanakwaya. Mfundishe kuamkia kabla hujamfundisha kuomba maji. Kijana anayejua kuamkia husamehewa mengi. Na kamera aiweke mfukoni mpaka aombe ruhusa. Watoto wa watu si mapambo ya simu yake.

Karatasi zishughulikie mapema. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wamjue mgeni siku anayofika. Na Uhamiaji usicheze nao: anayekuja kujitolea kwa miezi hawezi kutumia viza ya matembezi, kibali cha kujitolea ni cha ukaazi daraja C, na anayepaswa kukilipia ni shirika. Wakikwambia, "Mwache aanze tu, tutafuatilia," kataa. Atakayeitwa ofisini ni wewe uliye karibu.

Sasa tuje kwenye hela. Watu wakikuona na mzungu wataamini umejaa dola. Hutawazuia kusema, ila unaweza kuwanyima ushahidi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la kurasa mia mbili, andika hata nauli ya bajaji, bandika risiti. Hela ya matunzo ya mgeni iende moja kwa moja kwenye simu ya mama mwenyeji, isipite kwako hata kwa usiku mmoja. Najua siku zitakuja mdogo wako amefukuzwa shule kwa kukosa ada na elfu hamsini ya shirika iko kwenye simu. "Nitairudisha Jumatatu." Mdogo wangu, Jumatatu hiyo huwa haifiki. Jina lililojengwa na babu yako hubomolewa na elfu hamsini.

La mapenzi nalisema huku nimekukazia macho. Usimtongoze mgeni unayemsimamia, na akikutaka yeye, kataa. Usiniambie mmependana kweli. Una mamlaka juu yake: wewe ndiye unayejua basi la Mbeya, polisi, daktari na lugha. Mtu anayekutegemea kwa yote hayo hawezi kukukatalia kwa uhuru. Na ikiwa ni mtoto, mgeni au wetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, basi. Ukisikia ameguswa au ametishwa, usiite kikao cha kuyamaliza kifamilia. Mtoe kwenye nyumba hiyo kwanza, kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116. Watakuja kukubembeleza kwamba utaaibisha ukoo. Aibu ya kweli ni kunyamaza, na ukinyamaza jina lako litakuwa limeshirikishwa.

Upande wa watoto wetu wanaokwenda nje, moyo wako utavutwa kila upande. Mpwa wako akiomba nafasi, toka kwenye meza ya usaili, tena mbele ya watu. Waliokosa waambie wewe mwenyewe, kwa upole, wasisikie kituo cha bodaboda. Pasipoti hulipiwa serikalini kwa kontroli namba. Hela hiyo usiipokee mkononi. Akishafika huko, miezi ya kwanza atapiga simu analia: chakula hakina ladha, nyumba ni kimya, hakuna anayemwamkia. Mama atataka arudishwe kesho. Keti na mama. Mwambie kilio kile ni cha kawaida na mara nyingi hupungua, ila msikilize vizuri kama ni upweke tu au kuna jambo. Akirudi ataongea puani na kuususia ugali wa ulezi. Msimzomee. Alikwenda kujifunza maisha ya watu, sasa anajifunza upya ya kwao, na kazi ya pili huuma kuliko ya kwanza.

Na wewe je? Simu yako italia saa nane usiku. Utakosa harusi, utachelewa kupalilia, mwenzi wako atauliza kama umeoana na shirika. Ukifika hapo usijione mvivu. Kujitolea kusikokuwa na mipaka huzaa kinyongo, na kinyongo humwangukia mgeni asiye na hatia. Tafuta mwenzako mgawane zamu, mmoja wa kiume na mmoja wa kike ikiwezekana, maana kuna siri binti hatamwambia kaka.

Basi kabla hujawajibu watu wa shirika, waulize mambo matatu, nao wajibu kwa maandishi. Mgeni akiugua usiku, nani analipa na nani anapokea simu? Nisipokuwepo, nani anashika nafasi yangu? Nikitaka kuacha, naachaje bila kumtelekeza mtu? Shirika la kweli litafurahi umeuliza, kwa sababu nalo linaogopa mambo hayohayo. Wakinuna, au wakikwambia vijana wengi wanaitaka nafasi hiyo, waachie hao wengi. Hujakosa bahati, umelinda jina. Wakijibu vizuri, kubali kwa moyo wote, tena usisubiri niseme mara mbili, maana Ufipa inahitaji watu wa kuulizwa ambao wana majibu. Kisha nenda kanunue daftari.