Lugha ya Tahadhari Milimani: Mafunzo Kutokana na Kimbunga Idai

Makala haya yanashughulikia kauli moja ambayo kila msomaji wa jarida hili amewahi kuisikia redioni: "Wananchi wanaombwa kuchukua tahadhari." Kisarufi kauli hiyo haina dosari. Swali tunalouliza ni la kipragmatiki: je, mtu anayeishi kwenye mteremko wa mlima akiisikia saa kumi na mbili jioni, huku dhoruba ya kitropiki ikikaribia, atajua afanye nini? Kwa maoni yetu, hatajua. Ili kulithibitisha hilo, ni sharti kwanza tuelewe dhoruba ya aina hiyo hufanya nini inapofika milimani.

Wilaya ya Chimanimani iko mashariki mwa Zimbabwe, mpakani na Msumbiji, takriban kilomita 200 kutoka baharini. Kimbunga Idai kilitua karibu na mji wa Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019. Usiku uliofuata, milima ya Chimanimani ilianza kubomoka. Katika makazi ya Ngangu, mawe makubwa na matope yaliteremka juu ya nyumba za watu waliokuwa wamelala. Kule Kopa, mahali ambapo mito ya Rusitu na Nyahode inakutana, makazi yalifagiliwa. Mamia ya watu walikufa au kupotea, na baadhi ya miili ilisombwa na mito hadi upande wa Msumbiji. Barabara na madaraja yalikatika, na waokoaji wakachelewa kufika.

Mtu anaweza kushangaa jinsi kimbunga cha baharini kinavyoua mbali hivyo. Ni kweli kwamba upepo wa kimbunga hupungua nguvu kinapopita nchi kavu. Hata hivyo, hewa yake bado imebeba unyevu mwingi wa bahari. Hewa hiyo ikigonga mlima hulazimika kupanda, ikipanda hupoa, ikipoa hutema maji. Hivyo, pale ambapo upepo umedhoofika ndipo mvua inapozidi. Kimbunga Helene ni mfano mwingine. Kilitua Florida, Marekani, mnamo Septemba 2024 kikiwa cha kiwango cha 4, lakini kilipofika kwenye milima ya magharibi ya North Carolina kilikuwa kimeshuka hadi dhoruba ya kitropiki. Licha ya hayo, watu zaidi ya 100 walifariki katika jimbo hilo, na wakazi wa mji wa Asheville hawakupata tena maji ya mfereji yaliyo salama kwa kunywa hadi katikati ya Novemba. Ikumbukwe kwamba viwango hivyo hupima kasi ya upepo pekee; havisemi lolote kuhusu mvua.

Kwetu Kenya vimbunga havitui kwa urahisi, kwa kuwa nguvu ya mzunguko wa dunia inayovisokota ni dhaifu mno karibu na ikweta. (Hidaya, kilichofika pwani ya Tanzania Mei 2024, kilitukumbusha kwamba kusini yetu si mbali. Jina lenyewe, kwa Kiswahili chetu, lina maana ya zawadi!) Hata hivyo, Pokot Magharibi mnamo Novemba 2019 na Chesongoch, Elgeyo Marakwet, mnamo Novemba 2025, miteremko ilianguka na kuua watu wengi. Mvua hizo hazikuwa za kimbunga, lakini mteremko uliolowa haujali mvua imetoka wapi.

Msamiati

Tuanze na neno lenyewe, kimbunga. Msikilizaji akilisikia huwaza upepo, kwa hiyo hufunga madirisha na kukaa ndani. Milimani, kukaa ndani ya nyumba iliyo chini ya korongo ndilo jambo la hatari zaidi.

Neno mafuriko nalo linatokana na furika, ambalo linahusiana na fura, yaani kuvimba. Picha yake ni ya maji yanayoumuka polepole na kuvuka kingo, kama yafanyavyo Budalangi au Garissa. Mto wa mlimani hauvimbi hivyo. Huja kwa kishindo, pengine katika muda wa dakika chache, ukiwa umebeba magogo na mawe.

Maporomoko ya ardhi ni istilahi nzuri, ila maporomoko pekee kwa Wakenya wengi ni kivutio cha watalii kama kile cha Nyahururu. Mmomonyoko tumelifunza shuleni kama jambo la miaka mingi. Kwa ule mchanganyiko wa maji, matope na mawe unaotiririka korongoni, hatuna istilahi moja iliyozoeleka. Badala ya kuunda neno ambalo halitaeleweka usiku wa mvua, ni heri mtangazaji aseme tu "mto wa matope na mawe."

Kauli

Turudi kwenye "kuchukua tahadhari." Kitenzi hiki hakitaji tendo lolote linaloonekana. Wanaombwa ni kauli ya kutendwa. Mwenye kuomba hajulikani na mwombwaji ni "wananchi," yaani mtu mwingine. Kibaya zaidi ni mwenzake: "Wahamie sehemu za juu." Kwa mkazi wa bondeni huo ni ushauri bora. Lakini aliye mlimani tayari yuko juu! Akizidi kupanda kwa kufuata korongo, anakwenda kulaki mawe. Anachohitaji kuambiwa ni aende kando.

Tunapendekeza tangazo la namna hii:

"Usiku wa leo mvua kubwa sana itanyesha. Kama nyumba yako iko karibu na mto au chini ya korongo, ondoka kabla ya giza kuingia. Usisubiri kuona maji. Nenda kwa jirani ambaye nyumba yake iko kwenye mgongo wa kilima, mbali na korongo. Beba dawa, vitambulisho, tochi, redio na maji ya kunywa. Mwamshe na umsaidie mzee anayeishi peke yake. Ukisikia mngurumo kama wa lori, au mto ukipungua ghafla huku mvua inanyesha, toka mara moja na ukimbilie kando, usifuate bonde. Usivuke maji yanayokwenda kasi, hata kama yanafika kwenye vifundo vya miguu tu."

Kila sentensi ya amri ina mtendaji mmoja, nafsi ya pili umoja. Kabla ya giza ni kipimo cha wakati ambacho hakihitaji saa. Kiambishi -ki- cha masharti kinaunganisha dalili na tendo bila maelezo marefu. Dalili ya mto kupungua ndiyo inayowashangaza wengi, nayo yafaa ielezwe mapema, barazani na shuleni: huenda matope na magogo yameziba mto huko juu, na kizuizi hicho kikipasuka maji yote huteremka kwa pamoja. Kuhusu vifundo, sentimita 15 tu za maji ya kasi zaweza kumwangusha mtu mzima.

Tangazo, hata hivyo, haliwezi kubeba kila kitu. Nyumba ya jirani huyo lazima ijulikane wakati wa kiangazi. Chakula na maji ya siku kadhaa lazima yawekwe kabla ya madaraja kukatika, na simu isitegemewe, kwa kuwa milingoti yake nayo huanguka au hukosa umeme.

Limebaki suala la lugha za kwanza. Wazee wengi wa Pokot na Marakwet hawaoti ndoto kwa Kiswahili, na tafsiri ya papo hapo saa tano usiku haitaaminika. Wanachama wetu wanaotoka sehemu hizo wangeweza kuanza sasa kukusanya maneno ambayo wazee hutumia kwa ufa unaotokea ardhini, kwa mti ulioanza kuinama, na kwa sauti ya mto unapogeuka, kisha wayapeleke kwa watangazaji wa redio za kwao kabla ya mvua za masika.